Picha Ilitoka Safi

Jumatano, 2 Machi 2005

Shajara hii ni zawadi ya Krismasi kutoka kampuni ya utalii ya Bwana Edgar. Kila dereva alipewa moja, na jaladani kuna picha ya bonde la Ngorongoro likiwa na jua kali. Baba Clara hana habari na kuandika, kwa hiyo nimeichukua mimi. Wageni wakipungua sina tena lanchi boksi zao za kufunga, na nikikaa bure naishia kwa majirani kusema watu. Bora niwaseme humu.

Habari kubwa ni kichwa cha mume wangu. Alhamisi iliyopita alikuwa anarudi na wageni kutoka Ndutu, mvua ilikuwa imekata barabara, gari likatumbukia kwenye korongo. Kichwa chake kikagonga chuma cha paa. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa amesimama anatazama twiga kupitia paa lililonyanyuliwa, naye akagonga chuma hichohicho. Hakuna aliyezimia, hakuna aliyetoka damu. Walipeana pole, wakacheka, akawafikisha hotelini mapema. Alipofika nyumbani na nundu yake nilimkanda kwa maji ya chumvi, nikamwambia, "Hicho ni kichwa cha Mmeru. Chuma ndicho cha kupewa pole." Alicheka, ila alichelewa kidogo kucheka.

Tangu nimjue, kabla ya chai anatoka uani kutazama msitu wa juu, kuelekea geti la Ngorongoro. Akiona ukungu anajua wageni watanuna. Leo hakutoka. Aliniuliza kutoka kitandani, "Mama Clara, juu kuna ukungu?" Nikamwambia hakuna. Akanywa chai, akavaa viatu, akauliza tena.

Jumatatu, 7 Machi

Ameuliza ukungu mara tatu. Nimemwambia atoke akaangalie mwenyewe, kwani miguu nayo iligonga chuma?

Alhamisi, 10 Machi

Masika yameanza kwa kishindo. Mchana mvua ilipopiga mabati Baba Clara alishika masikio, akatoka mbio hadi kwenye banda la ng'ombe, ambalo bado lina paa la nyasi. Akakaa mle na ndama mpaka mvua ikakatika. Nilimfuata na mwavuli. "Huku kuna utulivu," akasema. Jirani yangu Bertha alikuwa dirishani, na kwa jinsi ninavyomjua, kufikia sasa Karatu nzima inajua kuwa Lusia amemfukuza mume akalale na ng'ombe.

Jumatano, 16 Machi

Metui amekuja. Ni dereva mwenzake, mtu wa Malambo, na ndiye rafiki yake wa kweli kazini. Kwa kawaida akifika anaanza utani kabla hajakaa. Leo alinisalimu tu kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," yaani mama, nikamwitikia, kisha akazungusha kikombe mkononi muda mrefu.

Madereva wakiwa bondeni huambiana kwenye redio ya upepo mnyama yuko wapi. Ndiyo adabu yao: ukimwona faru, unawaita wenzako, maana kesho utaitwa wewe. Jana Baba Clara alitangaza kwamba faru yuko Lerai, msituni. Magari yote yakageuza, yakakimbilia Lerai, yakazunguka mpaka wageni wakachoka. Faru alikuwa upande mwingine kabisa, kule kwenye tope la Gorigor, na gari pekee lililokuwa mbele yake ni la Baba Clara.

"Si amechanganya tu?" nikauliza.

"Yeyo, sisi tunachanganya majina ya wageni. Lerai hatuchanganyi. Wenzangu wanasema amewaficha faru makusudi, wageni wake wamwone peke yao wampe bakshishi nzuri."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilimuuliza. Akaniambia alisema Gorigor. Anaapa kabisa."

Metui aliondoka bila kumaliza chai. Nilipomuuliza Baba Clara naye akaniapia mimi. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 22 Machi

Bwana Edgar ametaka apigwe picha ya kichwa, jambo liishe. Tumekwenda mjini kwenye hospitali yenye CT-Scan. Wamemlaza kwenye kitanda kinachoingia katika pete kubwa, na haikuchukua hata muda wa kupika ugali. Nilikuwa nje namwomba Mungu wote wawili, wa Kikatoliki niliyelelewa naye Endabash na wa Kilutheri niliyeolewa naye.

Picha ni safi! Daktari, kijana anaitwa Hilary, aliibandika kwenye taa akatuonyesha. Mfupa mzima, hakuna ufa, hakuna damu iliyovuja. Nilipiga kigelegele mlemle ofisini. Aliendelea kusema kwamba picha hii inaona makubwa tu, kuna mtikisiko ambao hauonekani, apumzike, asiendeshe gari kwa miezi kadhaa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja khanga niondoke. Daktari akikosa ugonjwa lazima atafute la kusema.

Njiani, kufika Makuyuni, Baba Clara akauliza, "Kama hakuna kitu, mbona nasikia hivi?" Nikamwambia ni uchovu.

Jumapili, 3 Aprili

Leo tumetoa shukrani kanisani. Wazo ni langu, na nimejitahidi: mkungu wa ndizi, mayai, maharage, jogoo mwekundu. Tulisimama mbele familia nzima, Clara na gauni lake la kipaimara. Mchungaji akaomba ile picha, akaitoa kwenye bahasha, akaiinua dirishani ili mwanga upite. Kanisa zima likaona kichwa cha Baba Clara kama wanavyoonyeshwa sakramenti. "Hakuna ufa!" akasema Mchungaji. "Hakuna damu! Mnaona?" Wakajibu wanaona. Kwaya ikaimba, wamama wakacheza mpaka madhabahuni. Yule Bertha wa dirishani alilia.

Kwenye mnada baada ya ibada Bwana Edgar, ambaye amepanda kutoka Arusha kwa ajili yetu, alimnunua jogoo kwa bei ambayo hakuna jogoo aliwahi kufikisha, kisha akaturudishia tukamle. Akamkumbatia Baba Clara mbele za watu. "Dereva wangu amerudi!" akasema. Nilijisikia kama nimeolewa upya.

Baba Clara alishukuru kila mtu. Wengine aliwashukuru mara mbili.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua. Ukungu. Ameuliza.

Jumatatu, 11 Aprili

Amesema kichwa kinauma na mwanga unamchoma. Nimemwambia, "Umeshasimama mbele ya madhabahu ukashukuru. Sasa unaumwa nini tena? Unataka tukamwombe Mungu aturudishie ndizi?" Clara alitoka mezani bila kumaliza chakula. Baba yake akainuka, akavaa sare. Bwana Edgar amempa wageni kuanzia Jumamosi, wawili tu, wako fungate.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimefunga lanchi boksi mbili baada ya wiki tatu za ukame. Kuku, yai, ndizi, juisi. Raha ya kazi.

Jumatano, 20 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanza na barabara, kwa sababu hata mtoto wa hapa anaijua. Ya Seneto ni ya kushuka bondeni tu. Ya Lerai ni ya kupanda tu. Hakuna anayepanda Seneto. Ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, na kona zake huoni mbele. Baba Clara ndiye aliyewafundisha nusu ya madereva wa Karatu. Alikuwa anawaambia, ukisahau jina la mkeo sawa, Seneto usisahau.

Jana mchana, kwenye mvua, aliipanda Seneto akiwa na wale maharusi.

Metui alikuwa anashuka na wageni wake. Kwenye kona akaona taa za gari zinamjia. Akakanyaga breki, gari likaserereka kwenye tope, akaligeuzia ukutani, ubavu ukasugua mawe, likasimama. La Baba Clara nalo likasimama, tairi moja likiwa limeng'oa mawe ya ukingoni. Hakuna aliyekufa. Metui amerudia hilo mara nyingi leo, hakuna aliyekufa, yeyo.

Alishuka akaenda dirishani kwake. "Elirehema, unakwenda wapi?"

"Napanda. Muda umeisha."

"Unapandia wapi?"

"Lerai, wapi kwingine?"

"Ndugu yangu, hii ni Seneto."

Metui anasema Baba Clara alitazama mlima, akatazama bonde, akatazama usukani, kama mtu aliyeamshwa nyumbani kwa watu. Kisha akalia. Bibi harusi akawa anampigapiga bega kutoka nyuma, naye analia. Metui akamsogeza kiti cha pembeni, akashika usukani yeye, akalirudisha gari kinyumenyume hadi penye upana. Askari wa hifadhi wakaja. Wamemfungia asikanyage bonde mpaka kampuni ijieleze, na leo Metui ndiye amemleta nyumbani.

Wakati Metui ananihadithia, Baba Clara alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, maji yanamtiririka. Nilisimama, nikamwendea, nikamnusa mdomo. Mbele ya rafiki yake. Mtu ambaye hajaonja bia tangu Clara azaliwe.

Alinifungulia mdomo vizuri ili ninuse.

Ijumaa, 22 Aprili

Bwana Edgar alifika jana jioni. Alikataa chai, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Shemeji, mimi sina ubaya na huyu mtu. Ninyi ni watu wangu. Lakini wale maharusi wameandika malalamiko, na hifadhi wanataka maelezo. Nitawaambia nini?"

"Waambie anaumwa."

"Anaumwa nini? Picha si tuliiona wote kanisani? Nilipiga makofi mwenyewe." Akainama, akashusha sauti. "Sikiliza. Aandike kwamba alikunywa. Ulevi wanauelewa, ulevi una adhabu yake na una mwisho wake. Namsimamisha, anatubu, Juni wageni wakirudi namrudisha. Lakini mtu mwenye picha safi anayepanda Seneto mchana kweupe, hakunywa, haumwi, huyo nimweke kundi gani?"

Nilifikiri usiku kucha, na leo asubuhi nikaona Bwana Edgar ana akili. Juni ni karibu. Nikamwambia Baba Clara. Alikataa. Nikamwambia tena. Akasema, "Mama Clara, mimi sikunywa." Nikamwambia najua, lakini sema. Tukaenda hivyo mpaka mchana, mvua juu ya mabati, yeye amebana masikio, mimi napaza sauti ili anisikie.

Mwishoni akasema, "Kama unasema nilikunywa, basi nilikunywa." Akaandika, akasaini.

Jumapili, 24 Aprili

Hatukwenda kanisani.

Alhamisi, 5 Mei

Nimemtazama wiki mbili hizi, kwa sababu sina la kufanya zaidi ya kumtazama. Anaanza kufunga kamba za viatu, anaacha katikati. Anaijua njia ya kwenda banda la ng'ombe tu. Jana alimwita Clara kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki, akaona sura ya mtoto, akajua amekosea, akaingia chumbani akajifungia. Mtu anayejifanya hajifungii. Anayejifanya anataka aonekane.

Nilichelewa kuona.

Jumanne, 10 Mei

Kaka yangu Piusi amekuja kutoka Endabash. Nilimweleza yote. Kule kwetu nilikotoka watu hawaongei sana. Alisikiliza, akaenda bandani akakaa na shemeji yake, wawili wanatazama ndama. Alipotoka akasema atauza maksai mmoja twende Nairobi, kuna mashine ya sumaku, kubwa kuliko ile ya mjini. Nikamuuliza atalima na nini. "Nitalima," akasema.

Alhamisi, 19 Mei

Nairobi. MRI, ile mashine ya sumaku. Inagonga kama watu wanapiga bati kwa nyundo, na nilijua ndani ya lile shimo anateseka kuliko mvua zote za masika. Alipotoka alikuwa amelowa jasho. Akanishukuru. Sijui alinishukuru kwa lipi.

Picha ni safi.

Nilimwambia daktari, "Tafadhali, tafuta tena." Ni dada mdogo, mpole, Mkenya, ana vidole virefu. Alikaa nasi chini badala ya kusimama.

"Mama, sioni kitu. Lakini kutoona si kusema hakuna." Safari hii sikukunja khanga. Akaeleza kwamba ubongo una nyuzi, nyembamba kupita kiasi, ndizo zinazopeleka habari huku na huku. Kichwa kikitikiswa ghafla nyuzi zinavutika, nyingine zinakatika, bila damu na bila ufa. Mashine hii inaona nyama, haioni nyuzi. Ulaya na Marekani watafiti wana namna mpya ya kupiga picha, wanafuata maji yanavyopita kandokando ya nyuzi, wanaona palipoharibika. "Hiyo huku bado," akasema.

"Itafika lini?"

"Sijui."

"Kwa hiyo anaumwa au haumwi?"

"Nikikusikiliza wewe, anaumwa. Nikitazama picha, ni mzima. Na mimi ripoti ninaandika ya picha, mama."

Baba Clara alikuwa pembeni. Katika maneno yote hayo alishika moja. "Amesema ni mzima," akaniambia tulipofika Namanga. Alisema bila furaha, kama mtu anayesomewa hukumu.

Jumapili, 29 Mei

Mvua imekatika. Baridi. Magari ya wageni yameanza kuonekana barabarani. Metui akipita anapiga honi mbele ya nyumba yetu, kama zamani. Baba Clara anashtuka kila mara.

Jumamosi, 4 Juni

Bwana Edgar amekuja, na nilipomwona anashuka kwenye gari moyo wangu uliruka. Juni hii, nikasema, katimiza ahadi. Nikaweka chai. Safari hii hakukaa kabisa.

Yule mama wa Kizungu wa Ndutu ni mgonjwa. Kwao tangu Machi hafanyi kazi, hasomi, hawezi kelele, anapotea kwenye mtaa wake mwenyewe. CT ilitoka safi, MRI ikatoka safi, wakamwambia ni mawazo. Halafu chuo kikuu kimoja wakampiga picha mpya, ile ya nyuzi. Wakaona. Zimeharibika mbele na katikati, zinaonekana kabisa, na mawakili wake wameipeleka picha hiyo kwa bima ya kampuni.

Nilishika meza. Nilisikia kama mtu amenitua mzigo kichwani. "Bwana Edgar! Ndicho hichohicho alichonacho Baba Clara! Shimo moja, gari moja, chuma kimoja, siku moja! Ameumia vilevile! Si umeona sasa?"

Alinitazama kwa huruma, naikumbuka vizuri, haikuwa ya uongo.

"Shemeji, ile ni picha ya yule mama. Ya mumeo tulishaiona. Na mawakili hawaulizi kama dereva aliumia. Wanauliza dereva alikuwa mtu wa namna gani. Kwenye jalada lake kuna karatasi ameandika mwenyewe kwamba anakunywa kazini."

"Hiyo ni ya Aprili! Na wewe ndiye uliyesema!"

"Mimi nilisema. Na wewe ndiye uliyemwambia asaini." Akavaa kofia. "Bima wameshaisoma. Nimemwachisha kazi, na leseni yake ya kuongoza wageni inafutwa. Nisipofanya hivyo kampuni nzima inakwenda. Nina watu wengine thelathini wanaokula hapo."

Alipoondoka nilikwenda bandani. Baba Clara alikuwa anamkuna ndama shingoni. Nilipiga magoti kwenye samadi, nikamshika mikono, nikamweleza taratibu, mara mbili, mara tatu, kwamba ni kweli. Kwamba yupo mtu mwingine, ana kichwa kama chake, na kwake wameona. Kwamba hakuwa mvivu, hakuwa mlevi, hakuwa na wazimu. Kwamba nilikosea mimi, anisamehe, anaumwa.

Alinisikiliza kwa makini sana, uso umekunjamana, kama anavyosikiliza kila kitu siku hizi.

"Mimi?" akasema. "Hapana, Mama Clara. Mimi sina kitu. Picha ilitoka safi."

"Picha haikuona, baba."

"Mchungaji aliinua, watu wakaona. Tulishukuru." Akanipigapiga mkono ili nisilie. "Ni pombe tu. Nimeshaacha."

Jumanne, 7 Juni

Clara amerudi bweni. Alimuaga baba yake mara mbili, maana ya kwanza ilipotea.

Jumatatu, 13 Juni

Baridi. Juu kweupe kabisa, msitu unaonekana mti mmoja mmoja. Magari yamekuwa yakipita kwenye lami tangu alfajiri, mapaa yamefungwa kwa ajili ya vumbi la mbele. Metui amepiga honi.

"Mama Clara," ameita kutoka kitandani, "juu kuna ukungu?"

Nilikuwa dirishani. Nikamwambia upo, mwingi, leo hakuna gari linaloshuka.

"Basi nilale kidogo," akasema.

Nilipompelekea chai aliuliza tena, na nikamjibu tena kwamba upo.